Malisho ya Usiku

Ukanda wa nyasi ninaousimulia uko katika bonde la Ruzizi, kusini mwa Kamanyola, kati ya njia ya ng'ombe na mto wenyewe. Naanza kwa kutaja mahali kwa sababu wale waliouandika kabla yangu waliuweka upande usio wake wa njia, wakaupunguza upana, kisha wakasema hauna mtu. Makosa mawili ya kwanza yangesameheka; vipimo husahihishwa. La tatu ndilo lililonitoa nyumbani kwangu Bukavu, mimi mstaafu mwenye goti bovu, nikashuka bondeni mara tatu katika msimu mmoja. Ndilo pia linalonifanya niandike sasa, wakati barabara ile haipitiki tena kwa mtu wa umri wangu na habari za huko hunifikia kwa simu tu, zikiwa zimekatikakatika.

Sina budi kueleza bonde lilivyo. Msomaji wa Bukavu, aliyezoea mvua inayootesha kuvu ukutani na udongo unaoteleza kuelekea ziwani, hudhani kwamba mvua hiyo hiyo huendelea hadi chini. Haiendelei. Ukishuka mteremko wa Ngomo unavua koti kabla hujafika chini, na mawingu hubaki yamekaa juu ya milima nyuma yako. Huko ni nyasi, miiba na joto lililosimama. Kiangazi kikikaza, nyasi hugeuka rangi ya kamba kuukuu, na kijani pekee kinachobaki ni mstari mwembamba kando ya mto. Ng'ombe wa eneo zima huishi kwa mstari huo mpaka mvua irudi. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko akiwa msichana na ambaye sasa ni mjane, ana ng'ombe wachache na shamba la muhogo upande wa juu wa njia. Ukanda wa mto ukiondoka, ng'ombe wake hawavuki kiangazi kingine, wala wa jirani zake. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na naliandika wazi ili lisichanganywe na mambo mengine.

Ukanda huo ulikuwa na utaratibu wake, ambao hakuna aliyeuandika kwa sababu hakuna aliyeuvunja. Mchana ulikuwa wa ng'ombe. Jua likishika migongo ya milima ya upande wetu, wachungaji waliwatoa ng'ombe wote, hata yule mkaidi, na baada ya hapo hakuna mtu aliyekanyaga pale mpaka kuche. Usiku ulikuwa wa viboko. Walipanda kutoka majini mahali pamoja tu, penye mteremko, kwa kuwa kingo nyingine zote zimesimama kama ukuta. Walikula nyasi, wakazifupisha kama kwa mkasi, na asubuhi ng'ombe walizikuta fupi, laini, zikichipua upya. Hakuna aliyelima kati ya njia na mto. Haikuwa kwa woga peke yake. Dada yangu aliwataja viboko kwa kusema "wale", kama mtu anavyowataja wapangaji wenzake wa nyumba moja ambao zamu zao za kazi haziwaruhusu kukutana.

Aliponipigia simu, hakusalimia kwa urefu kama ilivyo kawaida yake.

"Mudogo wangu," alisema, "kuko mutu ya ku Bukavu anaomba majani yetu ya ku muto."

"Anaomba kwa nani?"

"Anaomba ku Leta." Leta, kwa watu wa kwetu, ni serikali, na dada yangu hulitamka neno hilo kama jina la shemeji anayekuja bila taarifa. "Banasema Leta itatuma batu ya kuangalia kama kuko mwenyewe. Kama hakuna mwenyewe, inamupatia."

"Na mtu huyo ataufanyia nini?"

"Mahindi, na mabwawa ya samaki. Atazungusha senyenge."

"Hao wageni mtawaambia nini?"

"Tutawapokea muzuri. Weye kuya tu. Weye njo unajua maneno ya biro."

Niliyajua kweli. Maisha yangu yote ya kazi niliyatumia katika ofisi ya jimbo iliyoshughulika na wanyama wa porini na malisho. Sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa ya mezani kuliko ya porini: kupokea taarifa, kuzipanga, kuzihakiki, kuzituma juu. Nilijua kwamba ardhi haitolewi kabla ya uchunguzi, kwamba uchunguzi huuliza kama ardhi ina watu, na kwamba jibu huandikwa katika PV, maandishi rasmi ambayo yakishatiwa sahihi huwa na nguvu kuliko macho ya mashahidi. Nilipanga kuwapo mapema, niwaelekeze dada yangu na jirani zake cha kuonyesha na cha kusema. Nilishuka siku moja kabla ya ugeni.

Kabla sijafika kwa dada yangu niliona moshi. Watu wa bonde huchoma nyasi vipande vipande, upande wa juu kwanza, ili chipukizi zipatikane kwa zamu. Ukanda wa mto hawakuuchoma kamwe. Ulikuwa akiba. Siku ile, kutoka kwenye njia hadi majini, ardhi ilikuwa nyeusi yote, na hapa na pale visiki vya nyasi vilikuwa bado vinafuka.

Jirani wa dada yangu, mchungaji mzee anayevaa kofia ya sufu hata katika joto lile, alinipokea njiani kwa furaha.

"Karibu, mukubwa. Tumefanya usafi."

"Nani amewaambia mchome?"

"Hakuna. Batu ya biro banakuya na viatu ya biro. Unataka baingie mu majani inabafika ku kifua? Kupe zingebakula, alafu bangesema sisi hatuna adabu."

"Na ng'ombe?"

"Tulibapandisha ku mulima, sababu ya mavi. Mugeni asikanyage mavi."

Dada yangu alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge. "Unaona vile panang'aa?" aliniuliza.

Nilitembea peke yangu hadi katikati. Kila alama ambayo ingemwambia mgeni kwamba ardhi ile ina wenyewe ilikuwa imeondolewa kwa heshima ya mgeni huyo: kinyesi cha ng'ombe, vijia vyembamba vya kwato, matita ya nyasi za kuezekea yaliyosimamishwa yakauke, vichaka ambamo wanyama wadogo hulala mchana. Walikuwa wamefanya kile ambacho familia yoyote ya kwetu hufanya ikisikia ugeni. Walifagia kiwanja. Mtu wa ofisi haji kuona kiwanja kilichofagiwa. Huja kuona nani ameacha viatu mlangoni. Lakini utamweleza nani hilo, wakati ufagio umeshatundikwa?

"Dada," nilimwambia, "watasema hapa hapana kitu."

"Batasemaje hapana kitu, na sisi batatukuta tumekaa hapa?"

Tume yenyewe ilikuwa mtu mmoja, mpimaji wa ardhi, mtu wa makamo, mpole, aliyekuja na buti za plastiki kwa ajili ya nyasi ndefu. Alipoona hazihitajiki alicheka na kushukuru. Walimpa kiti, soda na kivuli cha mwavuli. Alipima, akarudi, akaketi, akauliza swali ambalo sheria humtaka aulize.

"Mama, hii parsele, hii ardhi, iko ya nani?"

Dada yangu alifikiri. Ni mtu wa kanisani, hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtoto. "Haiko ya mutu," alisema.

"Hata mumoja?"

"Mutu angesema iko yake, tungemushitaki ku chefu."

Watu wakacheka, mpimaji akacheka nao, akaandika.

"Ng'ombe zetu njo zinakulaka hapa," mchungaji aliongeza.

"Ziko wapi?"

"Ku mulima."

Mpimaji aliitazama ardhi hadi mtoni, akamgeukia. "Na hapa zinakulaka nini, papa? Majivu?"

Wakacheka tena, na mchungaji alicheka kuliko wote. Hapo nilisimama. Nilieleza, kwa mpangilio, matumizi ya ukanda ule mchana na usiku, sababu ya kuchomwa kwake, na tofauti kati ya ardhi isiyo ya mtu mmoja na ardhi isiyo na watu. Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, weye unakaa hapa?"

"Nakaa Bukavu. Nilikuwa mtumishi wa serikali katika..."

"Asante kwa kazi yako, papa." Alilisema kwa heshima kamili, akafunga faili.

Nililala kwa dada yangu. Alfajiri aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayemwita mwenzake katika nyumba yenye mgonjwa. Nilimfuata bila viatu.

Umande ulikuwa umeyatuliza majivu, na kila kilichopita usiku kilikuwa kimeacha nyayo. Viboko walikuwa wamepanda mteremko wao kwa mstari, kama siku zote, vidole vinne vinne, vizito, na kati ya nyayo za kushoto na za kulia ulipita mgongo mwembamba wa majivu yasiyokanyagwa. Walipofika mahali ambapo nyasi zilianzia juzi, mstari ulivunjika. Mmoja alizunguka, akasimama, akazunguka tena. Palikuwa na alama pana ambapo mdomo uliyasukuma majivu ukitafuta chini yake, kisha hatua chache mbele alama nyingine, kisha nyingine, kote ukandani. Ndama wao alikuwa amemfuata mkubwa kwa karibu sana, nyayo juu ya nyayo. Palikuwa na vidole vitatu vya korongo. Na kando ya kisiki, zikivuka kutoka kusini kwenda kaskazini, kwato ndogo zilizopasuka, za tohe, yule swala wa nyasi ndefu.

Hapa lazima niweke jambo sawa. Kwa miaka mingi ofisi yetu iliandika kuhusu tohe wa bonde kwamba "hawakuonekana". Gari la doria lilipita barabarani, mchana, hawakuonekana. Yalikuwa maneno ya kweli na niliyapitisha kama yalivyo. Baadaye, katika kunakiliwa na mikono mingine, "hawakuonekana" ikawa "hawapo", na hakuna aliyeulizwa. Sasa hao wasiokuwapo walikuwa wamepita karibu na dirisha la chumba nilicholala. Sikuwasikia. Nilisimama kwenye baridi ile fupi ya alfajiri, bonde lote likiwa wazi mbele yangu hadi milima ya ng'ambo, pasipo mnyama hata mmoja, nikaona haya kama mtu aliyeingia nyumba ya watu huku wenyewe wamesimama nyuma ya pazia wakimngoja atoke.

Dada yangu alichuchumaa karibu na alama ya mdomo. Alinyoosha mkono kana kwamba anataka kuifuta, akaurudisha.

"Bamekuya kutafuta chakula yao," alisema. "Na sisi tumebachomea."

Nilimpigia mpimaji, ambaye alikuwa amelala Kamanyola, nikamsihi aje kabla upepo haujaamka. Alikuja, sitamnyima haki yake. Alitembea kando ya nyayo bila kuzikanyaga, akavua kofia.

"Kwa kweli sijaonaka kitu kama hii," alisema. "Lakini papa, sheria inaniuliza mutu. Hainiulize kiboko."

"Kiboko njo utamuulizia wapi," mchungaji alidakia. "Yeye anavukaka muto kila usiku, anaenda ngambo, anarudi, haombake jeto." Jeto ni kile kikaratasi tunachoomba mpakani ili tuvuke na kurudi siku hiyo hiyo. Mpimaji alitabasamu, lakini hakucheka kama jana.

Alinivuta pembeni. Jirani wana haki ya kupinga, aliniambia, na wakipinga yeye atarudi baada ya mvua za kwanza kuangalia tena. Lakini akirudi, lazima aone kazi ya mkono: shamba, ua, nyumba. "Mama alime," alisema. "Alime hapa chini, hata kidogo. Nikikuta muhogo umeshika, ninaandika kama iko na mwenyewe, yeye na majirani yake. Nikikuta majani, papa, majani ni majani."

Alikuwa akinisaidia. Sheria iliyoko inatambua jembe. Mahali ambapo watu wameamua, kwa vizazi, kutolima, panasomwa kama mahali ambapo hapajafanywa kitu. Nilipanda Bukavu nikiwa na hasira hiyo, na koti langu lilinuka majivu hata baada ya kufuliwa.

Nilikwenda kwanza kwenye ofisi yangu ya zamani. Nilitaka ipeleke neno rasmi kwamba ukanda ule ni malisho ya wanyama wa porini. Neno hilo lingeweza kusimama mbele ya ombi la yule bwana wa Bukavu bila jembe lolote. Nilikalishwa ukumbini, kwenye benchi nililoliagiza mimi mwenyewe. Ofisa aliyenipokea hatimaye alikuwa kijana mwenye adabu na simu mbili.

"Wanyama wa bonde, papa? Lakini ripoti zenu zenyewe zinasema hawapo."

"Zinasema hawakuonekana."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mzee anayedai kwamba saa ya ukutani ndiyo yenye makosa. Nilimweleza habari za majivu. Aliuliza kama nilipiga picha. Nilikuwa nimepiga, kwa simu yangu, na katika picha hizo kulikuwa na weusi tu. Mwanga wa alfajiri haukutosha. Alinirudishia simu kwa mikono miwili.

Basi nikashuka mara ya pili, kumwambia dada yangu alime.

Tulikaa nyuma ya jiko, mchungaji akiwa nasi, na nikaeleza hatua kwa hatua. Dada yangu alikuwa akimenya ndizi. Kisu hakikusimama mpaka nilipofika kwenye muhogo.

"Pale hatulimake," alisema.

"Najua. Lakini msipolima, mtaupoteza wote. Ng'ombe wako watakula nini kiangazi kijacho?"

"Tutalima wapi pale? Udongo iko nguvu kama simenti."

Hapo mchungaji, ambaye hakuwa na mzaha siku ile, alikohoa. "Pako pahali pamoja tu," alisema. "Pale bale banapandiaka."

Alikuwa sahihi, na sote watatu tulijua. Nyasi za bonde zimefuma mizizi kama mkeka, na katika kiangazi jembe huruka juu yake. Mahali pekee penye udongo laini, wenye unyevu na mbolea, palikuwa juu ya ule mteremko, pale ambapo viboko, kwa miaka isiyojulikana, walikanyaga, walisimama na kuacha mavi yao kila usiku. Kingo nyingine zote zimesimama. Kupanda pale ilikuwa kufunga mlango.

Dada yangu aliweka kisu chini. "Weye ulitumika ku biro ya banyama," alisema bila kupandisha sauti. "Na weye njo unakuya kuniambia nibafungie njia?"

"Nakuambia kile kitakachoandikwa."

"Mi nakuuliza kile unaona."

"Naona kwamba yule bwana akipewa, atazungusha senyenge toka njia hadi mto. Wale hawatapita, na ng'ombe hawatapita. Ukilima, angalau ng'ombe watapita."

Aliokota ndizi moja ambayo alikuwa amekwisha kuimenya, akaikagua kama anatafuta ganda. "Basi iandikwe ya sisi wote," alisema. "Si yangu. Mutu asikuye kusema kama nilijipatia majani ya batu." Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, nadhani, ingawa hakulisema tena.

Walilima kabla ya mvua, wanawake watano wa jirani, na hawakuimba. Walipanga matuta ya muhogo kwenye mteremko, wakapanda ua wa manyara upande wa mto, kwa kuwa mpimaji alisema ua huonekana vizuri. Nilisimama pembeni nikiwa na kazi ya kushika kamba. Udongo ule ulikuwa mweusi na mzuri mno. Jembe liliingia bila sauti. Mmoja wa wale wanawake aliinuka kunyoosha mgongo, akatazama majini kwa muda, kisha akaniuliza kama naona kitu. Sikuona. Mto ulikuwa umetulia kabisa, rangi ya chai ya maziwa. Alijifunga kitenge upya, akaendelea.

Nilibaki pale hadi kesho yake. Asubuhi nyayo zilikuwa zimefika hadi kwenye ua. Manyara yalikuwa bado vijiti tu vilivyochomekwa. Mnyama wa ukubwa ule angevipita kama mtu anavyopita utando wa buibui. Hakuvipita. Alisimama mbele yake muda wa kutosha kuzama hadi kifundo, kisha akageuka. Ndama alikuwa amesimama kando yake. Vidole vya wote wawili viliangalia juu, kisha viliangalia mto.

"Kwa nini hakupita?" nilimuuliza mchungaji.

"Ananusa mikono ya batu," alisema. "Mukono ya mutu usiku, pale, hakujuaka."

Mara ya tatu nilishuka pamoja na mvua za kwanza, mpimaji alipotimiza ahadi yake. Muhogo ulikuwa umeshika, majani yake mapya yakiwa na ule wekundu wa vikonyo vichanga. Nyasi za ukanda zilikuwa zimerudi, kijani mpaka machoni, na ng'ombe walikuwa ndani yake. Safari hii hakuna aliyewapandisha mlimani, na kinyesi kilikuwa kila mahali. Mpimaji alivaa buti zake. Aliandika kwamba ardhi inakaliwa na kuendelezwa na mjane fulani pamoja na jirani zake, wanaolima muhogo na kuchunga ng'ombe. Aliisoma kwa sauti. Nilimwomba aongeze neno juu ya matumizi ya usiku. Alinionyesha karatasi: hapakuwa na nafasi yake. Ombi la yule bwana wa Bukavu lilirudishwa, na kwa hesabu zote za kiofisi dada yangu alishinda. Alichinja kuku. Mpimaji alikula vizuri, akasifu pilipili.

Ningeweza kukomea hapo kama ningekuwa naandika taarifa.

Mvua ilipokolea, dada yangu alianza kunipigia simu asubuhi. Mwanzoni alinieleza nyayo. Wamefika kwenye ua, wamerudi. Wamefika, wamerudi. Kisha amefika mmoja tu. Kisha udongo mbele ya ua ukabaki laini, umepigwa na mvua, hauna kitu. Baadaye akaanza kunieleza nyasi. Hazikuwa na wa kuzifupisha usiku, nazo zilikua, zikapita magoti ya ng'ombe, zikapita migongo yao, zikakomaa na kuwa ngumu. Ng'ombe walikula kingoni na kukataa katikati. Kupe waliongezeka. Korongo, ambao hawatui mahali wasipoona miguu yao wenyewe, walizunguka juu mara kadhaa na kwenda ng'ambo.

"Majani tunayo," aliniambia. "Yamejaa. Lakini haiko ile majani."

Nilimwambia wachome kwa zamu, kama upande wa juu. Walichoma kipande. Asubuhi alikwenda kutazama majivu. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi, dirishani kwangu, ziwa likiwa limefunikwa na ukungu hadi Idjwi, nikamngoja.

"Kuko nini?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Hata tohe?"

"Mudogo wangu, hakuna."

Hakuna aliyekata simu. Nilisikia ng'ombe upande wake, na upepo.

Wiki iliyopita aliniambia kwamba amevuna muhogo wa katikati ya mteremko kabla haujakomaa, na hakurudisha mbegu. Amekata ua mahali pale, upana wa kupita kiboko na ndama wake, na akalificha pengo kwa matawi makavu upande wa njia ili mtu anayetazama kutoka njiani asilione. Aliniuliza kama sheria inamruhusu. Jibu ninalijua. Yule bwana wa Bukavu hajachoka, nimesikia anaandaa ombi jingine, na mpimaji mwingine akija na kukuta pengo lisilolimwa, anaweza kuandika anavyotaka. Nilimwambia dada yangu kwamba simu haisikiki vizuri. Pengo hilo sikuliandika popote isipokuwa hapa, ambapo hakuna jina la mtu.

Kila jioni dada yangu hufagia udongo mbele ya pengo kwa mkono, usawa kama meza, na kila asubuhi hunipigia. Jana alisema nyayo ni za mbuzi wa jirani. Leo amesema ni za mbwa, mmoja, na kwamba ameshafagia tena.